Mwongozo wa Kununua, Kufufua na Kutumia Tepu Rekoda ya Rili

Tepu rekoda ya rili ni mashine inayonasa sauti kwenye utepe wa plastiki uliopakwa unga wa oksidi ya chuma, ambao hutoka kwenye rili ya kushoto, ukapita mbele ya vichwa vya sumaku, kisha ukajizungusha kwenye rili ya kulia, na safari hiyo yote huonekana kwa macho. Mwonekano huo, pamoja na ubora wa sauti ambao kaseti ya kawaida haikuwahi kuufikia, ndio unaowafanya watu wa rika mbalimbali waendelee kuzitafuta mashine hizi miongo mingi baada ya viwanda karibu vyote kuacha kuziunda. Mwongozo huu unamhusu mtu anayetaka kununua mashine ya aina hiyo, na vilevile yule aliyerithi mashine au sanduku la rili asijue aanzie wapi. Kanuni yake kuu ni moja: utepe wa zamani usiwekwe kwenye mashine ambayo haijathibitishwa, kwa sababu mashine ikiharibika hupelekwa kwa fundi, lakini utepe ukinyooka, ukikatika vipande au ukifutika, sauti iliyokuwamo haina fundi.

Asili ya mashine hii ni Ujerumani. Mwaka 1928 Fritz Pfleumer, mhandisi aliyefanya kazi Dresden, alisajili hataza ya ukanda wa karatasi uliopakwa unga wa chuma. Kampuni ya AEG ikalichukua wazo hilo na kuunda mashine, BASF ya Ludwigshafen ikatengeneza utepe, na mwaka 1935 mashine iliyoitwa Magnetophon ikaonyeshwa hadharani mjini Berlin. Sauti za mwanzo zilijaa mchakacho wa chinichini hadi mwaka 1940, pale Hans-Joachim von Braunmühl na Walter Weber wa shirika la utangazaji la Ujerumani walipobaini kwamba sauti inayonaswa ikichanganywa na mkondo wa umeme wa masafa ya juu mno, ambayo sikio haliyapati, unga wa sumaku huipokea kwa usahihi zaidi na mchakacho hupungua sana. Mkondo huo huitwa bayasi, na hadi leo kila mashine hurekebishwa bayasi yake ilingane na aina ya utepe unaotumika kurekodia. Baada ya vita Jack Mullin, aliyekuwa katika kikosi cha mawasiliano cha jeshi la Marekani, alirudi kwao na Magnetophon mbili. Mwimbaji Bing Crosby akaanza kuutumia utepe kwa kipindi chake cha redio mwaka 1947, na kampuni ya Ampex ya California ikatoa mashine yake ya kwanza, Model 200, mwaka 1948.

Historia hii inamgusa mnunuzi moja kwa moja, kwa kuwa Ulaya na Marekani ziliendelea kila moja kwa kanuni yake ya usawazishaji, yaani namna ya kukuza sauti za juu wakati wa kurekodi na kuzirudisha kiwango chake wakati wa kucheza. Kanuni ya Ulaya hujulikana kwa herufi IEC au CCIR, na ya Marekani, iliyofuatwa pia na mashine nyingi za Japani, hujulikana kama NAB. Utepe uliorekodiwa kwa kanuni moja ukichezwa kwa nyingine husikika mkali kupita kiasi au mzito kama unaosikilizwa nyuma ya pazia, na tofauti hiyo hudhihirika zaidi kwenye spidi kubwa kuliko kwenye spidi ndogo za nyumbani.

Kwa Afrika Mashariki utepe huu si jambo la ugenini. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kutangaza mwaka 1951, na kituo kilichotokana nayo kilipochukua jina la Radio Tanzania Dar es Salaam mwaka 1965, studio yake ilikuwa mahali ambapo bendi za dansi, vikundi vya taarab, kwaya na washairi walirekodiwa kwenye rili. Kwa kuwa nchi haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri, na bendi iliyotaka santuri ilibidi isafiri hadi Nairobi, nyimbo nyingi za zama hizo zilibaki kwenye utepe peke yake. Hugh Tracey naye alipita Kenya na Tanganyika mwaka 1950 akirekodi muziki wa vijijini, na kazi hiyo imehifadhiwa katika Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika, aliyoianzisha Afrika Kusini mwaka 1954. Nje ya taasisi hizo kubwa kuna rili zilizomo majumbani: harusi, mawaidha, mahojiano ya wazee, barua za sauti zilizotumwa ng'ambo. Anayekuta rili tatu chini ya kitanda cha marehemu babu yake anaweza kuwa ameshika nakala pekee iliyopo duniani, na hilo ndilo linaloufanya uangalifu unaoelezwa hapa usiwe wa kupita kiasi.

Kabla ya kuzungumzia ununuzi, ni vema sehemu za mashine zifahamike. Mashine kamili ina vichwa vitatu vilivyopangwa kutoka kushoto kwenda kulia: cha kufutia, cha kurekodia na cha kuchezea; mashine za bei nafuu huunganisha viwili vya mwisho kuwa kimoja, na hivyo mtumiaji hawezi kuisikiliza rekodi kutoka kwenye utepe wakati ule ule inaponaswa. Upande wa kulia wa vichwa upo mhimili mwembamba wa chuma unaozunguka kwa spidi isiyobadilika, uitwao kapstani, na gurudumu la mpira linaloubana utepe kwenye mhimili huo. Ni viwili hivi vinavyouvuta utepe, wala si rili, ambazo kazi yake ni kutoa na kupokea tu. Spidi za kawaida ni sentimita 38, 19, 9.5 na 4.75 kwa sekunde, na kadiri spidi inavyokuwa kubwa ndivyo sauti za juu zinavyonaswa vizuri na ndivyo utepe unavyokwisha haraka. Rili ya kipenyo cha sentimita 18 yenye utepe wa mita 540 huchukua takriban dakika 47 kwa spidi ya 19, na mara mbili ya muda huo kwa spidi ya 9.5. Studio zilipendelea 38 na 19, nyumbani ilitumika zaidi 9.5, na waliorekodi mazungumzo marefu kwa rili ndogo mara nyingi walishuka hadi 4.75.

Jambo jingine ambalo mnunuzi hana budi kulielewa mapema ni njia, yaani sehemu ya upana wa utepe inayobeba sauti. Utepe wa kawaida una upana wa milimita 6.3 hivi, na upana huo unaweza kutumiwa wote kwa sauti moja, au kugawanywa nusu, au kugawanywa robo nne. Mashine nyingi za redio zilitumia njia nzima au nusu njia. Mashine nyingi za nyumbani za stirio kuanzia miaka ya 1960 zilitumia robo njia, ambapo njia ya kwanza na ya tatu huchezwa upande mmoja, na ya pili na ya nne huchezwa rili ikigeuzwa. Mashine ya robo njia huweza kuucheza utepe wa nusu njia, ingawa haichukui upana wote wa sauti na mchakacho huongezeka. Mashine ya nusu njia ikiucheza utepe wa robo njia uliorekodiwa pande zote mbili, huchanganya sauti ya mbele na sauti ya upande wa pili inayokwenda kinyumenyume. Kwa hiyo anayenunua mashine kwa ajili ya rili alizokwisha kuzirithi azichunguze rili hizo kwanza, kwa sababu nyingi zimeandikwa spidi na njia kwenye kasha, na mashine ichaguliwe kwa kuzifuata, badala ya kununua mashine nzuri isiyoweza kuzicheza.

Kuhusu aina za mashine, yapo makundi matatu yanayopatikana. La kwanza ni mashine za mezani za daraja la juu, na kati ya hizo Revox A77 ya Uswisi, iliyotoka mwaka 1967, na mrithi wake B77 ya mwaka 1977, ndizo zinazomfaa zaidi anayeanza, kwa sababu nyaraka zake za ufundi zinapatikana, vipuri vyake bado vinatengenezwa, na mota ya kapstani hudhibitiwa kielektroniki hivi kwamba haitegemei masafa ya umeme wa nyumbani. La pili ni mashine za Kijapani za Akai, Teac, Sony na nyinginezo. Akai za jamii ya GX zina vichwa vya kioo na feraiti ambavyo huchakaa polepole mno, ingawa vikigongwa huweza kumeguka. La tatu ni mashine za kubeba begani, kama vile Uher 4000 ya Munich, iliyotoka mwaka 1961 na kupendwa na waandishi wa habari na watafiti, na Nagra za Stefan Kudelski, ambazo kwa uimara na usahihi hazina mfano lakini bei yake ni ya kitaalamu. Uher ina faida ya pekee kwa mwenye rili ndogo za mahojiano, kwa kuwa hucheza hata spidi za chini ambazo mashine nyingi za mezani hazina. Mashine za valvu za miaka ya 1950 zina uzuri wake, lakini zina umeme wa volti mamia ndani yake na hazimfai asiye na ujuzi.

Mnunuzi anapofika mbele ya mashine aje na tochi, kijiti chenye pamba, na rili ya utepe usio na thamani. Aanze na vichwa: amulike kwa pembeni na kutafuta mstari wa mchakao, yaani sehemu bapa iliyochongwa na utepe, kisha apitishe ukucha taratibu kutoka juu ya kichwa kwenda chini; ukucha ukikwama kwenye ukingo kama unaoshuka ngazi, kichwa kimekwisha au kinahitaji kusagwa upya na mtaalamu, na gharama hiyo ikatwe kwenye bei. Abonyeze gurudumu la mpira: lililo zima hubonyea kidogo na kurudi, lililokufa huwa gumu na la kung'aa kama kigae, au hunata kidoleni. Azungushe rili kwa mkono asikilize kama bearingi zinakwaruza. Ikiwa muuzaji anakubali kuiwasha, utepe wa majaribio uendeshwe mbele na nyuma kwa spidi ya haraka, kisha kitufe cha kusimamisha kibonyezwe ghafla: rili zote mbili zisimame pamoja bila utepe kulegea na kujikunja, na bila kuvutwa kwa nguvu, kwa maana breki mbovu ndizo zinazonyoosha na kukata tepe nyingi kuliko hitilafu nyingine yoyote. Mashine iliyokaa pwani ichunguzwe zaidi kutu ya kapstani na ya vichwa, kwa kuwa hewa ya chumvi haisamehi chuma. Iliyokaa bara huwa na tatizo la vumbi, ambalo husafishika.

Suala la umeme linahitaji maelezo ya kutosha, kwani mashine nyingi zinazoletwa kutoka Marekani huuzwa na transfoma ya kushusha volti na mnunuzi akaambiwa kwamba hiyo inatosha, na haitoshi. Umeme wa Marekani ni wa volti 120 hivi na masafa ya hezi 60, wa Tanzania ni volti 230 na wa Kenya 240, na masafa ya huku ni hezi 50. Transfoma hubadili volti, haibadili masafa; na mota za mashine nyingi za zamani huhesabu mzunguko wake kwa masafa ya umeme. Mashine kama hiyo ikitumika Dar es Salaam au Mombasa huzunguka polepole kwa moja ya sita, na muziki hushuka kwa takriban nusutoni tatu, kiasi kwamba mwimbaji wa kike husikika kama mwanamume. Baadhi ya mashine za Kijapani zina kichaguzi cha masafa, au pete ya kuvalisha kwenye kapstani inayorekebisha spidi, na mnunuzi aulize kama kipuri hicho kipo. Penye kichaguzi cha volti chenye 220 na 240, kiwekwe 240, kwa kuwa gridi ya leo iko juu kuliko ile ambayo 220 ilikusudiwa.

Mashine iliyokaa miaka 20 bila kuwashwa isichomekwe moja kwa moja ukutani. Kapasita zake, yaani vihifadhi vidogo vya chaji ya umeme, huenda zimekauka, na zile za karatasi zilizopo kwenye njia ya umeme mkuu hupasuka nyufa kwa uzee, zikapitisha unyevu, na kulipuka kwa moshi mweupe wenye harufu kali dakika chache baada ya kuwashwa. Hizo zibadilishwe kabla ya jambo lingine lolote, na fundi redio yeyote mzoefu anaweza kufanya hivyo kwa gharama ndogo. Kisha mashine iwashwe kupitia taa ya mfuatano, ambayo mafundi wengi wanayo: balbu ya zamani ya wati 60 au 100 iliyounganishwa kwenye waya mmoja wa umeme unaoingia mashineni, ili pakiwa na shoti balbu ndiyo iwake kwa nguvu na mashine isiungue. Mtu asiye fundi asifungue mfuniko mashine ikiwa imechomekwa, wala mara tu baada ya kuichomoa, maana kapasita kubwa hubaki na chaji.

Upande wa mitambo, adui mkubwa ni grisi iliyokauka ikawa kama nta, hata vitufe vikagoma na breki zisiachie. Huondolewa kwa spiriti na brashi, ikawekwa mpya kidogo sana pale pale ilipokuwa. Belti za mpira mara nyingi hugeuka lami nyeusi inayochafua kila inachogusa, nayo ifutwe yote kabla belti mpya haijavalishwa. Mafuta ya mashine ya cherehani yanafaa kwa bearingi nyingi za shaba, tone moja tu, na tone hilo lisifike kamwe kwenye gurudumu la mpira.

Baada ya hapo huja usafi wa njia ya utepe, ambao haufanywi mara moja bali kila baada ya rili chache. Vichwa, nguzo za kuongozea na kapstani hufutwa kwa pamba iliyoloweshwa alkoholi ya isopropili yenye ukali wa asilimia 99, na pamba ibadilishwe mpaka itoke nyeupe. Ile rangi ya kahawia inayobaki kwenye pamba ni unga wa tepe zilizotangulia. Gurudumu la mpira ni bora lifutwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini kisha likaushwe, kwani alkoholi ikizoeleka hukausha mpira. Vichwa pia hujilimbikizia usumaku kwa matumizi, na usumaku huo hufifisha sauti za juu za kila utepe unaopita. Kifaa cha kuuondoa hutumiwa kwa utaratibu usiovumilia haraka: mashine izimwe, tepe zote ziondolewe mezani, kifaa kiwashwe kikiwa umbali wa mita moja, kisogezwe polepole mpaka karibu na kichwa bila kukikwaruza, kipitishwe juu na chini mara chache, halafu kirudishwe polepole vile vile hadi mita moja ndipo kizimwe. Anayekizima kikiwa karibu na kichwa hukiachia usumaku mwingi kuliko aliokikuta nao.

Sasa mashine ikiwa imethibitishwa kwa utepe wa majaribio kwa saa kadhaa, ndipo rili za thamani zinapofikiwa, na jambo la kwanza ni kutambua utepe umetengenezwa kwa plastiki gani. Rili huinuliwa mbele ya taa na kutazamwa kwa ubavu: mwanga ukipenya kwenye tabaka zilizozungushwa, huo ni utepe wa asetati, uliotumika zaidi miaka ya 1940 hadi 1960; ukiwa mweusi kabisa, huenda ni wa poliesta, au wa PVC uliopendwa na viwanda vya Ujerumani. Asetati hukatika kwa urahisi lakini hukatika safi, hivyo huungika bila kupoteza sauti. Poliesta haikatiki haraka ila huvutika ikawa uzi, na sehemu iliyovutika haitengenezeki. Asetati inayooza hutoa harufu ya siki, na rili yenye harufu hiyo itengwe na nyingine mara moja, kwa kuwa mvuke wake huharakisha kuoza kwa zilizo jirani, kisha ipewe nafasi ya kwanza katika kunakiliwa.

Ugonjwa wa pili ni wa kunata. Tepe nyingi za poliesta za miaka ya 1970 na 1980, hasa za Kimarekani zenye mgongo mweusi kama Ampex 406 na 456, zilitumia gundi ambayo baada ya miaka hufyonza unyevu wa hewa na kuvunjika. Dalili zake hazijifichi: utepe unalia kama bawaba kavu, rili zinapunguza mwendo, na vichwa vinapakwa uji wa kahawia. Dalili hiyo ikisikika mashine isimamishwe papo hapo, kwa kuwa ule uji ni sauti yenyewe inayobanduka. Tiba inayokubalika ni kuupasha utepe joto la nyuzi 54 za selsiasi kwa muda wa saa 8 au zaidi katika kifaa kinachodhibiti joto kwa usahihi, kama kile cha maabara, kisha kuuacha upoe taratibu. Baada ya hapo utepe huchezeka kwa wiki chache, na muda huo utumike kuunakili. Oveni ya jikoni haifai, kwa kuwa joto lake hupanda na kushuka, na maikrowevu huuangamiza utepe. Asetati haipashwi joto kwa hali yoyote, na ndiyo sababu utambuzi wa plastiki hutangulia. Rili zenye ukungu, ambazo pwani ni nyingi, zisichezwe wala zisipulizwe: mwenye nazo avae barakoa, azikaushe mahali pakavu penye hewa, na zile za thamani kubwa azipeleke kwenye hifadhi yenye wataalamu.

Uwekaji wa utepe ni kazi ya mikono inayofaa kujifunzwa kwa utulivu. Mtumiaji huvuta takriban nusu mita kutoka rili ya kushoto, akaupitisha kwenye nguzo ya kwanza, kisha mbele ya vichwa na kati ya kapstani na gurudumu la mpira, upande wa unga ukitazama vichwa. Halafu huushika mwisho wake kwa kidole kwenye kitovu cha rili tupu, akaizungusha rili hiyo kwa mkono mara tatu hadi ulegevu wote uishe, kwa sababu mashine ikianza na utepe uliolegea huuvuta kwa mshtuko. Asishangae sauti ikitoka hafifu na nzito: baadhi ya vituo vya Ulaya vilizungusha tepe zao unga ukitazama nje, na inatosha kuupindua utepe. Ipo tahadhari nyingine ambayo waliokulia kwenye kaseti huisahau. Kaseti ina kijino cha kuvunja ili isifutike kwa bahati mbaya. Rili haina kinga yoyote. Kwa hiyo vitufe vya kurekodia viwe vimezimwa kabla ya rili ya zamani kuwekwa, na mwenye hazina kubwa anaweza kumwomba fundi aikate kabisa njia ya umeme ya kichwa cha kufutia, uamuzi ambao kwa mashine ya kunakilia tu ni wa busara.

Kila mashine iliyorekodi ilikuwa na pembe yake ya kichwa, na kichwa cha kuchezea kisipolingana nayo sauti za juu hupotea. Karibu na kichwa ipo skrubu ndogo ya kurekebishia pembe hiyo: mahali pake pa awali patiwe alama ya rangi, kisha mtumiaji aunganishe pande mbili ziwe sauti moja, asikilize herufi kama "s" na "sh" katika maneno ya msemaji, na ageuze skrubu kwa kiasi kidogo sana mpaka herufi hizo zisikike kwa uwazi wa juu kabisa. Kazi hii hufanywa kwa kila rili, na hubadilisha rekodi iliyodhaniwa kufa ikawa sauti ya mtu aliyeketi chumbani.

Kwa kunakili kwenye kompyuta, jumuiya ya kimataifa ya hifadhi za sauti, IASA, hupendekeza kiwango kisichopungua biti 24 na kilohezi 48, na hifadhi nyingi hutumia kilohezi 96. Faili liwe la WAV, lisilobanwa. Utepe wa nusu njia uliorekodiwa pande mbili unaweza kunakiliwa kwa mpito mmoja, kisha upande unaokwenda kinyumenyume ukageuzwa kwa programu, jambo linaloupunguzia utepe dhaifu safari moja. Nakala kuu isisafishwe mchakacho wala kukatwa kikohozi cha msimulizi. Usafishaji ufanywe kwenye nakala ya pili, kwa kuwa masikio ya kesho na zana za kesho zitakuwa bora kuliko za leo, na kilichoondolewa hakirudi.

Utepe uliokatika huungwa kwa kibao chenye mfereji, wembe mpya na utepe maalumu wa gundi wa kuungia. Ncha mbili hulazwa mferejini zikipandana kidogo, zikakatwa pamoja kwa mshazari wa nyuzi 45 ili kiungo kipite kichwani bila kishindo, kisha kipande kifupi cha utepe huo wa gundi kikabandikwa upande wa mgongo na kusuguliwa kwa ukucha. Selotepu ya dukani isitumike hata kwa dharura: gundi yake hutambaa kwenye joto, ikashikanisha tabaka za jirani, na baada ya miaka michache ndiyo inayong'oa unga.

Anayetaka kurekodi upya hahitaji kutegemea mabaki ya zamani, kwani utepe mpya bado unatengenezwa Ufaransa kwa jina la Recording the Masters na Marekani na ATR Magnetics. Bei yake si ndogo, lakini ni heri rili moja mpya kuliko kumi za mtumba zisizojulikana zilihifadhiwaje, na ni dhuluma kufuta sauti za watu wasiojulikana ili kupata utepe wa bure kabla ya kuzisikiliza.

Kuhusu hifadhi, utepe hupenda ubaridi wa wastani, ukavu, na zaidi ya yote hali isiyobadilikabadilika. Nyumba ya Mombasa isiyo na kiyoyozi inaweza kusaidiwa na sanduku la plastiki lenye mfuniko wa kubana na vifuko vya silika vinavyokaushwa mara kwa mara. Makasha yasimamishwe wima kama vitabu, mbali na spika, mota na ukuta unaopigwa na jua. Utepe uzungushwe kwa spidi ya kuchezea, kwa sababu spidi ya haraka huacha kingo zilizotokeza zinazopondeka, na uachwe mwisho wake ukiwa nje bila kurudishwa mwanzo: tabaka zilizolalana huambukizana sauti hafifu, na utepe uliohifadhiwa hivyo hutoa mwangwi baada ya neno, unaofunikwa na neno lenyewe, badala ya kuutoa kabla yake. Kwenye kasha paandikwe kwa penseli tarehe, jina la anayezungumza au kuimba, mahali, spidi, njia, kanuni ya usawazishaji, na maneno "mwisho uko nje". Na maandishi hayo hayo yanakiliwe kwenye karatasi iwekwe ndani pamoja na rili, kwa kuwa makasha hubadilishana.